Niliugua Peke Yangu Kisiwani Ugiriki, Sasa Mama Hataki Nisafiri Tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nane Ujerumani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Sijaolewa na sina mtoto. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Agosti, na kila ninayemsimulia ananijibu, "Si ulijitakia mwenyewe?"

Nilipanga na rafiki yangu twende likizo Amorgos, kisiwa kidogo cha Ugiriki. Tulishalipa kila kitu. Wiki moja kabla ya kuondoka, mwenzangu akaniambia kazini wamemnyima ruhusa. Nikasema pesa yangu haipotei, nitakwenda peke yangu. Nyumbani sikusema. Mama alijua tuko wawili.

Kutoka Piraeus, ile bandari ya Athens, meli ilichukua kama saa nane. Choo kilikuwa na foleni, mizigo sikuwa na wa kumwachia, basi nikaona dawa ni kutokunywa maji kabisa. Kesho yake nikapanda kwenda Hozoviotissa, nyumba ya watawa iliyobandikwa kwenye jabali jeupe juu ya bahari tangu karne ya 11. Ngazi ni kama mia tatu, jua la saa tano, na chupa moja ndogo ya maji. Nilijifunga kanga kwa heshima ya mahali. Juu kule walitupa maji baridi na loukoumi, inafanana na halua yetu ila imevingirishwa kwenye sukari ya unga. Nikakaa dirishani naitazama bahari, nikasema Alhamdulillahi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, nimefika huku kwa jasho langu. Shangazi, usije ukaniambia safari yote ilikuwa mbaya. Ile saa moja bado ninayo.

Usiku ule mkojo ukaanza kuniunguza. Nilikuwa na vidonge vitatu vya antibayotiki vilivyobaki tangu nilipougua wakati wa baridi, nikavimeza, na za maumivu juu yake. Mchana wa pili nikapata nafuu kidogo, nikajidanganya kwamba yameisha. Usiku wa tatu ikaja baridi ya kugonganisha meno, na nje ni joto. Nilijifunika blanketi na ile kanga. Upande wa kulia wa mgongo, chini ya mbavu, ilikuwa kama mtu anagongelea msumari. Nikatapika. Nikawaza malaria, maana Julai nilikuwa Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Upepo nao ulikuwa unavuma tangu juzi, mbao za dirisha zinapiga ukuta, na nilishasikia kwamba meli zimezuiwa. Nikalala natazama dari, nawaza, nikifia humu nani atajua? Simu ilikuwa mkononi. Mama akapiga kwa video. Nikakata, nikamwandikia: "Mtandao mbovu mama, tuko ufukweni, tunafurahi."

Asubuhi mwenye nyumba akabisha. Ni mama wa miaka kama sabini, mjane, namwita Kyria tu, ndiyo Bibi kwa lugha yao. Kiingereza chake maneno ishirini, Kigiriki changu mawili. Baadaye binti yake alinieleza kwamba mama aliona taulo langu liko kambani siku mbili halijaanuliwa, akashindwa kulala. Nilipokosa nguvu ya kujibu, akafungua kwa ufunguo wake. Aliniwekea mkono, si kwenye paji la uso, ni hapa shingoni chini ya sikio, akauacha kwa muda. Akatoka bila neno, akarudi na bakuli la siki na vitambaa, akanifunga miguuni. Kisha akapiga simu. Vichochoro vya Chora, mji mkuu wa kisiwa, gari haliingii, kwa hiyo yeye na kijana wa jirani wakanishika makwapani mpaka barabarani, wakanipandisha pikapu mpaka kituo cha afya.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alichovya kijiti kwenye mkojo, akanigonga mgongoni kwa ubavu wa ngumi, nikapiga yowe. Maambukizi yalishapanda kwenye figo. Akaniuliza kama nimetoka nje ya Ulaya siku za karibuni, nikasema hapana. Niliogopa wakisikia Afrika watanifungia karantini. Nikawekewa dripu na sindano, nikalala pale usiku mmoja, nikarudishwa na vidonge vya siku kumi. Siku nne zilizofuata Kyria alinilisha wali uliopikwa ukalegea kama uji, umekamuliwa limau. Kila mtu aliyepita mlangoni alisema "perastika".

Siku ya kuondoka nilimpa bahasha yenye yuro 100. Akanyanyua kidevu na nyusi, akanisonya, akageuka akaingia ndani. Nilipanda meli nalia. Mpaka leo sijui nilimkosea nini.

Kituko cha pili kiko nyumbani. Picha ya mkono wangu wenye dripu nilimtumia rafiki mmoja tu. Ikafika kwa binamu, ikafika kwa mama. Mama ana presha. Alilia, akasema nimemdanganya mara mbili, na akanitaka niape. Nikasema wallahi sitasafiri tena peke yangu. Kaka zangu wanasema hayo ndiyo matunda ya mwanamke kuzurura. Lakini Mei nina likizo, na roho yangu inataka kurudi Amorgos.

Je, nilikosea kwenda peke yangu? Nifanye nini na kiapo kile? Na yule mama nimlipe nini?

Msafiri, Leipzig

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua figo zimeshapona, lakini pole ya ule usiku wa dirisha linalogonga bado unaidai, maana naona hapana aliyekupa.

Kabla ya kujibu barua nilikuwa muuguzi, miaka 31 wodini. Kwa hiyo utanisamehe, nitaanza mahali ambapo wewe ulipita mbio. Umeandika mambo mengi kwa urefu, halafu ukaandika "nikasema hapana" ukaendelea na safari yako. Neno hilo limenitisha kuliko ile baridi.

Ulitoka Tanga Julai, ukaugua Agosti. Homa, kutetemeka, kutapika. Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku saba au zaidi kabla ya homa, na ile aina kubwa ya kwetu, falciparum, mara nyingi hujitokeza ndani ya mwezi mmoja baada ya mtu kuondoka, na yaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Ulikuwa katikati kabisa ya muda wake. Kijiti cha mkojo kilionyesha maambukizi, na bahati yako yalikuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Lakini mtu anaweza kuwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na malaria kwa wakati mmoja. Nimewahi kuwapokea wagonjwa wa namna hiyo, na aliyetibiwa kimoja akaachiwa kingine hurudi akiwa amebebwa. Tena usitegemee kwamba umekulia Tanga ukang'atwa na mbu utoto mzima. Kinga ile hupungua mtu akikaa nje. Miaka minane ni mingi, mwanangu. Wanaotoka Ulaya kuja kusalimia nyumbani bila kinga ya dawa, wakirudi na homa wakasema ni mafua, ni watu wa kuhurumiwa sana.

Na ile hofu ya karantini naielewa, sikucheki. Sisi tumeshatazamwa kwa jicho la namna ile mara nyingi. Lakini malaria haihami kwa kushikana mikono wala kwa kukaa chumba kimoja, hakuna anayefungiwa kwa ajili yake. Halafu ujue kwamba Ugiriki yenyewe ilikuwa nchi ya malaria. Waliitangaza kuwa imetokomezwa mwaka 1974, na mwaka 2011 ikazuka tena upande wa Laconia, kusini, watu wakaipata palepale bila kusafiri. Yule binti daktari asingekukimbia. Angechukua simu akawauliza wakubwa zake wa hospitali kubwa, na damu yako ingetafutiwa njia ya kupimwa. Ulimnyima habari moja aliyoihitaji kuliko zote.

Kwa hiyo kwanza kabisa, nenda kwa daktari wako hapo Leipzig, umwambie yote: Tanga, Amorgos, figo, na vile vidonge vitatu. Apime mkojo tena. Na homa yoyote ikirudi mwaka huu, neno la kwanza kinywani mwako liwe "nilikuwa Tanzania Julai".

Vile vidonge vitatu. Vilikuondolea moto kidogo, ukapata mchana mmoja wa kujidanganya, na huku chini wadudu wanapanda kuelekea figo. Dozi ya antibayotiki ikikatwa hubakisha wale wagumu. Mtu akiungua mkojo, tena akaongeza homa na maumivu ya kiunoni au chini ya mbavu, hiyo si UTI ya kunywea maji mengi na kungoja. Anatakiwa aonwe siku ileile. Wewe unatunza wazee kila siku. Mzee wako akikuficha homa siku mbili kwa sababu hataki kukusumbua, unamwambiaje? Basi jiambie hayohayo, kwa sauti ileile ya upole.

Sasa swali lako. Ulikosea kwenda peke yako? Mimi nasema hapana. Ni kweli UTI hutupata sana sisi wanawake, kwa kuwa njia yetu ya mkojo ni fupi, na ukishinda na kiu juani unaikaribisha. Lakini hiyo ingekukuta hata Leipzig, mlango umefungwa, jirani humjui jina. Ungefika na rafiki yako angekubebea maji, ndiyo. Ungemficha yeye pia? Naona ungemficha. Kwetu tunasema mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe uliyaficha mara tatu: kwa Kyria, kwa daktari, kwa mama. Upweke wako ulikuwa wa meli na mizigo. Huu mwingine uliujenga kwa mikono yako, na mlango wa Kyria uko hatua kumi.

Nalisema kwa ukali kwa sababu nalijua tunakolitoa. Binti anayejitegemea, anayetuma pesa nyumbani, hufundishwa kwamba akiugua amemwangusha mtu. Anajifunza kusema "niko sawa" mpaka ulimi unalisema lenyewe.

Kama utasafiri tena, iwe Amorgos au kwingine, siku ya kwanza mwambie mwenye nyumba kwamba uko peke yako, na umwombe kitu kidogo: usipoonekana mpaka saa nne asubuhi, abishe. Hapana mwenye nyumba wa kisiwani atakayeona ajabu. Umeona mwenyewe, yule alihesabu siku za taulo. Chagua mtu mmoja, mmoja tu, wa kumwandikia asubuhi na usiku, na mkubaliane kwamba ukinyamaza anapiga simu kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo namba ya mwenye nyumba awe nayo. Andika kikaratasi kwa Kigiriki, simu yako itakutafsiria: jina, umri, dawa unazotumia, zinazokudhuru, na nchi uliyotoka kabla ya hapo. Kiweke kwenye pochi pamoja na kadi ya bima. Mtu mwenye homa ya nyuzi 40 hawezi kutafuta maneno.

Maji ni jambo la pili, na hapa najua utanuna. Kunywa kwenye meli. Foleni ya choo ni bora kuliko dripu. Mizigo, muombe mama yeyote mwenye watoto akuangalizie, wale huwa hawaendi popote. Beba pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, na kipimajoto, havina uzito. ORS ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Visiwa vingi vile maji ya bomba si ya kunywa, ya chupa ndiyo ya kunywa.

Na ule upepo una jina, unaitwa meltemi. Kama sisi wa pwani tunavyoijua kusi na kaskazi, wao Julai na Agosti wanakuwa na huo, unatoka kaskazini chini ya anga ya buluu isiyo na wingu. Ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli siku moja, siku mbili. Amorgos haina uwanja wa ndege. Mgonjwa akizidiwa huko hupelekwa kwa helikopta au boti mpaka kisiwa kikubwa au Athens. Ndiyo maana visiwani mtu haugui kwa kungoja. Wewe ulikuwa unangoja chumbani, na hujui meli itatoka lini. Dawa zako za kila siku beba za ziada, na usipange ndege siku ileile ya meli.

Namba ya gari la wagonjwa Ugiriki ni 166, na 112 inapokelewa Ulaya nzima bila malipo. Duka la dawa lina alama ya msalaba wa kijani. Likiwa limefungwa, mlangoni hubandikwa karatasi ya duka lililo zamu. Tarehe 15 Agosti, sikukuu yao ya Bikira Maria, karibu kila kitu hufungwa na visiwa hujaa watu, lakini zamu ipo.

Habari ya gharama hukuitaja, ila naona kivuli chake kwenye vile vidonge vitatu. Geuza kadi yako ya bima ya Ujerumani. Ikiwa uko kwenye bima ya umma, upande wa nyuma ndiyo kadi ya Ulaya ya bima ya afya, na mgeni mwenye kibali cha kuishi anaitumia Ugiriki kama Mjerumani, kwenye hospitali na vituo vya serikali. Daktari wa binafsi haimo, na kusafirishwa kurudishwa nyumbani haimo, kwa hayo kata bima ndogo ya safari, ni bei ya chakula kimoja mgahawani. Wanaosoma hapa wakiwa Dar au Mombasa na wanaenda kwa viza ya Schengen, bima yenu ya yuro 30,000 mliyoikata kwa ajili ya ubalozi ni bima ya kweli, haikuwa karatasi ya kupitishia viza. Namba yake iwe kwenye simu, na ipigwe mapema, kabla bili haijakua.

Sasa nije kwa Kyria, hapa nina habari njema. Hakukusonya. Wagiriki wakisema hapana hawatikisi kichwa kama sisi, wananyanyua kidevu na nyusi, na ulimi unatoa sauti moja fupi: ts. Basi. Kwetu sauti inayokaribiana na hiyo ni matusi, ndiyo maana ikakuchoma. Alikuwa anakuambia, "Hapana mwanangu, hili halilipiwi." Naye alipogeuka akaingia ndani, mimi kwa umri wangu nadhani najua kwa nini aligeuka. Mama wa miaka sabini hapendi kuonekana na mgeni akilia mlangoni. Na lile neno, perastika, maana yake ni yapite. Ni ugua pole yao. Siku nne kijiji kizima kilikuwa kinakuombea yapite, na wewe ukaondoka unaona umefukuzwa. Ule wali wa limau huitwa lapas, hupikiwa mtoto au mgonjwa wa tumbo. Alikupikia kama wake.

Na mama.

Mwanangu, mama yako hakulia kwa sababu ya figo. Amezaa, ameuguza, anajua watu huugua. Alilia kwa sababu aliuona mkono wako kwenye simu ya mtu mwingine. Fikiria alivyopokea picha ile: mkono anaoujua, sindano, na ujumbe wako wa "tunafurahi" bado uko juu kwenye simu yake. Ulitaka kumlinda presha. Nakuamini kabisa. Lakini mzazi akijua kwamba unamficha mabaya, tangu siku hiyo hata "niko sawa" ya kweli haimpi usingizi. Hilo ndilo lililomfanya akuapishe. Aliona hana kitu kingine cha kukushikia.

Kiapo si kitu cha kuzunguka kwa ujanja, na usithubutu kwenda Mei kimyakimya. Kafara yake inajulikana, kulisha au kuvisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Lakini kulipa kafara ni baina yako na Mola wako, mama atabaki palepale alipo. Na habari ya mwanamke kusafiri bila maharimu ina maneno ya wanazuoni, mimi si wa kuikata. Muulize unayemwamini, na umuulize kwa haja ya kujua, usimtafute wa kukukubalia. Kaka zako nao waambie kwa adabu kwamba utazungumza na mama kwanza.

Mpigie mama baada ya alasiri, akiwa ametulia, ameshameza dawa zake, na yule mdogo wako aliyeolewa awe amekaa naye. Mwambie yote kwa kikao kimoja. Usimpe leo nusu na kesho nusu. Anza na rafiki aliyekosa ruhusa, umalizie na bahasha. Usiruke kanga uliyojifunikia usiku ule, usiruke na uongo uliomwambia daktari. Atakasirika, mwache akasirike, usijitetee. Umwombe radhi ya uongo, usimwombe radhi ya safari, na umwonyeshe kwamba unajua tofauti yake. Kiapo usikiguse siku hiyo. Akikufungulia mwenyewe siku nyingine, Alhamdulillahi. Akikataa, tafuta mwenzako wa kwenda naye Mei. Amorgos haihami.

Kisha mwombe mama msaada, na huu naomba usiuache. Mwambie kuna mama mwenzake kisiwani aliyekutia mkono shingoni ukiwa humjui wala hujulikani, amekataa pesa, na wewe hujui umpe nini. Yeye atajua. Mwache aende mwenyewe dukani Ngamiani akachague doti ya kanga, asimame pale akisoma majina moja moja mpaka apate linalosema anachotaka kusema. Hiyo kazi usimfanyie. Mama anayeogopa akiwa amekaa tu huogopa maradufu. Kanga ikifika kwako, ipeleke au itume kwa posta.

Halafu wakutanishe kwa video, yule binti wa Kyria awe karibu wa kutafsiri. Mama alisome jina la kanga kwa Kiswahili, polepole, Kyria akiwa ameishika. Kabla ya simu mfundishe mama neno moja la Kigiriki, efharisto, ndiyo asante yao. Atalikosea mara mbili tatu. Usimsaidie, mwache aliseme mwenyewe.